Nakala ya rekodi ya kukamatwa si hisani ya OCS

Mhariri,

Mtu akitoka seli ya polisi, hamu yake ni kufika nyumbani, aoge na alale. Baadaye anapotafuta kusajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), au kuendesha matatu, au ajenti wa kazi za Ghuba anapomdai cheti cha maadili mema, ndipo anapotambua kwamba ule usiku mmoja uliacha maandishi ambayo yeye hana hata nakala yake. Wengine huhitaji maandishi hayo kwa sababu tofauti: wanataka kuishtaki serikali kwa kuzuiliwa kinyume cha sheria, na wakili anawauliza ushahidi uko wapi. Vijana wengi waliokamatwa katika maandamano ya Juni 2024 hapa Kenya waliachiliwa bila kufikishwa kortini, na mikononi hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kufungiwa.

Wakirudi kituoni hupewa mojawapo ya majibu matatu. OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, ni siri ya polisi. Leta amri ya korti. Njoo kesho, mkubwa wa kituo (OCS) hayuko. La kwanza si kweli, la pili halidaiwi na sheria, na la tatu lina dawa yake, nayo ni barua iliyogongwa muhuri wa tarehe. Sisi tunaosaidia watu kuandika barua hizo tunaona nyingi zikikwama kwa makosa yale yale, na mengi hayahitaji wakili kuyarekebisha.

Kosa la kwanza ni kuitisha "faili yangu". Katika lugha ya polisi faili ni jalada la uchunguzi, lenye taarifa za mashahidi, shajara ya mpelelezi na wakati mwingine majina ya wapashaji habari. Hilo wanaweza kulizuia kisheria uchunguzi unapoendelea, na ukiliitisha umewapa sababu halali ya kukataa barua nzima. Rekodi ya kukamatwa ni kitu kingine, tena haikai kwenye karatasi moja. Kuna maandishi ya OB ya kuingizwa kituoni. Kuna rejista ya seli, inayoonyesha jina, kosa linaloshukiwa, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kuna orodha ya mali uliyovuliwa, yaani simu, mshipi, pesa na kamba za viatu. Kuna hati ya bondi au risiti ya dhamana ya pesa taslimu. Kuna maandishi ya pili ya OB, ya kutolewa. Ukipelekwa kortini, kuna hati ya mashtaka. Na kama ulichukuliwa alama za vidole, kuna fomu iliyotumwa makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kila kimoja kiitishwe kwa jina lake.

Kati ya hivyo vyote, OB ndiyo mama. Ni kile kitabu kikubwa cha kaunta ambamo kila jambo linalofika kituoni huandikwa kwa mfuatano na kupewa nambari. Nambari huanza upya kila siku saa sita ya usiku, ndiyo maana husomwa pamoja na tarehe: OB 31/18/9/2023 ni jambo la 31 lililoandikwa tarehe 18 Septemba 2023. Anayekuja na "31" peke yake hajaleta kitu, kwa kuwa kituo chenye shughuli huwa na 31 yake kila siku. Nambari ya kuingia na ya kutoka ni tofauti, na mara nyingi zina tarehe tofauti. Wengi hupewa moja tu, ile ya kuingia, na kwa mtu anayetaka kuthibitisha alizuiliwa kwa muda gani, hiyo moja haitoshi.

Hapa ndipo tarehe inapoangusha watu. Aliyetiwa kwenye karandinga saa tano usiku wa Jumanne na kufikishwa kaunta baada ya saa sita, ameandikwa chini ya Jumatano. Akiandika kwenye barua yake kwamba alikamatwa Jumanne, karani hufungua ukurasa wa Jumanne, haoni kitu, na kumjibu kwamba jina lake halimo. Karani hasemi uongo. Dawa ni kuitisha siku tatu pamoja: siku ya kukamatwa, iliyotangulia na iliyofuata.

Jambo jingine ni kituo chenyewe. Doria ya kituo kimoja huweza kukupeleka seli za kituo kingine kwa sababu zake zimejaa, au kwa sababu mshukiwa ni mwanamke na pale hakuna seli ya wanawake. Anayekamatwa na makachero wa DCI huandikwa kwenye OB ya kituo alikolazwa, lakini jalada lake liko kwa afisa wa DCI wa kaunti ndogo, ambaye huenda afisi yake iko jengo jingine kabisa. Ukikamatwa na askari wa kaunti, wale kanjo, huenda hukuandikwa na polisi hata kidogo kabla ya kufikishwa kortini. Hapo barua yako iende serikali ya kaunti, idara ya ukaguzi na utekelezaji. Kabla ya kuandika, jiulize ulilala wapi. Usiandike ulikokamatiwa ukadhani umemaliza.

Kisha jina. OB huandikwa kwa mkono, usiku, na afisa anayesikiliza watu kumi na wawili kwa mpigo. Wanjiku huwa Wanjiru, Hassan Ali huwa Ali Hassan, na jina la babu hupotea. Kama kitambulisho hakikuwa mfukoni siku ile, hakuna nambari ya kusahihisha kosa hilo. Taja kwenye barua majina yote unayoitwa na namna yanavyoweza kuandikwa vibaya, na utaje wenzako mliokamatwa nao kama hawana pingamizi, kwa kuwa kundi huandikwa kwa nambari moja ya OB na majina yote hufuatana hapo chini. Kama jina kitabuni ni tofauti kabisa na la kitambulisho, apa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ukiambatishe.

Asiye na nambari ya OB asikate tamaa. Hati ya bondi huwa nayo. Hati ya mashtaka pia ina nafasi yake juu, karibu na nambari ya kesi ya polisi. Tena hati hiyo ya mashtaka ina sehemu mbili ndogo ambazo watu huziruka: tarehe ya kukamatwa, na kama ulikamatwa kwa waranti au bila waranti. Ilinganishe tarehe hiyo na rejista ya seli. Zikitofautiana, rejista ya seli ikisema ulifika Ijumaa na hati ya mashtaka ikisema ulikamatwa Jumapili, umeshika jambo zito. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe kortini upesi iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa korti, basi asipite siku ya korti inayofuata. Kusogeza tarehe ya kukamatwa mbele kwa kalamu ndiyo njia rahisi ya kuficha siku za ziada. Ndiyo maana rejista ya seli, ambayo karibu hakuna anayeiitisha, ina thamani kushinda maelezo yote ya mdomo.

Sasa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, inasema ombi liwe la maandishi kwa Kiingereza au Kiswahili. Afisa anayekuambia uandike Kiingereza hana msingi. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kueleza kwa mdomo, na afisa aandike na kumpa nakala. Kila taasisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini ombi halikataliwi eti kwa sababu halikujazwa kwenye fomu hiyo. Afisa wa habari kisheria ni mkuu wa taasisi, kwa hiyo barua huelekezwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi kupitia kwa OCS wa kituo husika, na nakala kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Ukiipeleka kwa afisi isiyo yake, wao ndio wenye wajibu wa kuihamisha ndani ya siku tano. Hupaswi kurushwa huku na huku kama mpira.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi: "Mimi ni fulani, raia wa Kenya, kitambulisho nambari kadha. Nilikamatwa tarehe kadha, majira ya saa kadha, mahali fulani, na nikazuiliwa katika kituo chako hadi tarehe kadha. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala zilizothibitishwa za rekodi zifuatazo zinazonihusu mimi peke yangu: maandishi ya OB ya kuingizwa kwangu na ya kutolewa kwangu, kati ya tarehe kadha na kadha, ukurasa wa rejista ya seli unaoonyesha saa ya kuingia na ya kutoka, orodha ya mali yangu, hati ya bondi au risiti ya dhamana, na uthibitisho kama nilichukuliwa alama za vidole na zilitumwa wapi. Majina ya watu wengine yafunikwe. Niko tayari kulipa gharama ya kunakili."

Sentensi ya kufunika majina ya wengine inaonekana ndogo lakini ndiyo inayofungua mlango. Ukurasa mmoja wa OB una mlalamishi wa kubakwa, dereva aliyegonga mtu, mke aliyepigwa. Sheria inalinda faragha ya watu hao, na OCS anayesita kukupa ukurasa mzima yuko sahihi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema faragha inayolindwa ni ya mtu mwingine asiyekuwa mwombaji. Ukiitisha dondoo lako peke yako lililothibitishwa kwa sahihi na muhuri, kisingizio hicho kimekufa. Na ukumbushe, kwa upole, kwamba Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inamtaka afisa wa umma anayehifadhi hati ya umma ambayo mtu ana haki ya kuikagua, ampe nakala iliyothibitishwa akishalipa ada yake.

Usieleze sababu. Watu hujaza kurasa mbili wakieleza walivyoonewa, waliyempigia simu, waliyempa pesa. Sheria inasema haki ya kupata habari haiathiriwi na sababu ya mwombaji wala na kile taasisi inachodhani ndiyo sababu yake. Malalamiko yakiingia humo, barua hugeuka kesi na OCS huipeleka kwa mwanasheria wa polisi, na huko hulala. Malalamiko dhidi ya afisa yaandike kando na uyapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ambayo ina uwezo wa kuingia kituoni na kukagua vitabu hivyo hivyo.

Chapisha nakala mbili. Moja iachwe kaunta au kwa karani wa OCS, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi na wewe. Wakikataa kugonga, usibishane; nenda posta uitume kwa rejista, risiti ya posta itakuwa muhuri wako. Piga picha vyote viwili. Bila ushahidi wa tarehe, yote yanayofuata hayana pa kuanzia, kwa kuwa mambo haya huhesabiwa kwa siku.

Hesabu yenyewe ni hii. Jibu litoke haraka iwezekanavyo na si zaidi ya siku 21 tangu ombi kupokelewa. Wanaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, wakikupa sababu. Wakinyamaza hadi muda upite, sheria inachukulia kwamba umekataliwa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanaendelea kusubiri kwa adabu, wakidhani kimya ni dalili kwamba shughuli inaendelea. Una siku 30 tu za kuomba maamuzi hayo yapitiwe upya na Tume ya Haki za Kiutawala, CAJ, ambayo watu huiita Ombudsman, yenye makao yake West End Towers, barabara ya Waiyaki, Nairobi. Tume inaweza kuongeza muda, lakini usijenge juu ya hisani hiyo. Ombi kwa Tume lina mambo matatu tu: nakala ya barua yenye muhuri, jibu ulilopewa au neno kwamba hukupewa, na unachotaka. Tume inaweza kuagiza rekodi zitolewe, na amri yake huweza kusajiliwa Mahakama Kuu ikatekelezwa kama uamuzi wa korti. Hatujaona haja ya kumtisha OCS kwa hilo mwanzoni. Mara nyingi nakala ya barua kwa Ombudsman, ikiandikwa tu chini kwenye orodha ya wanaonakiliwa, hufanya kazi yake kimya kimya.

Kuna muda mwingine mfupi zaidi ambao familia haziujui. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48. Kijana amechukuliwa na watu waliojitambulisha kuwa polisi na haonekani. Mama anazunguka vituo vitano na kila kaunta inasema hayuko. Hapo usiitishe nakala. Andika swali moja: je, fulani yuko au amewahi kuwa kwenye seli zenu kati ya saa hii na hii, na nambari ya OB ni gani? Peleka barua hiyo hiyo kila kituo, kila moja igongwe muhuri. Kama majibu hayaji, wakili anayekwenda Mahakama Kuu kuomba kijana aletwe mbele ya jaji atakuwa na karatasi tano za kuambatisha badala ya hadithi.

Kuhusu pesa tuseme wazi. Kutuma ombi hakulipiwi. Kinachoweza kulipishwa ni gharama halisi ya kunakili, na ulipe kwa njia rasmi upewe risiti. Nambari ya OB haiuzwi. Bondi ya polisi haiuzwi. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti, na fedha hizo hurudishwa. Asiyepewa risiti amepoteza pesa na amepoteza ushahidi kwamba aliwahi kuzuiliwa.

Wasio raia wamefungiwa nje ya sheria hii, kwa kuwa Kifungu cha 35(1) kinamtaja raia. Mkimbizi kutoka Kongo aliyenaswa katika msako Eastleigh au Kakuma atumie Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo haiulizi uraia. Inampa kila mtu haki ya kuona data yake iliyo mikononi mwa taasisi, ya umma au ya kibinafsi. Fomu yake ni DPG 2 iliyo kwenye kanuni za 2021, haina malipo, na jibu linatakiwa ndani ya siku saba. Polisi huweza kudai msamaha wa usalama wa taifa, na Kamishna wa Data ndiye wa kulalamikiwa. Kwa raia pia njia hii ni ya kasi zaidi kwa karatasi, ingawa vituo vingi bado havijaizoea na ukitaja Sheria ya Data kaunta hukutazama kama umetaja sheria ya nchi nyingine. Tunashauri raia ataje sheria zote mbili kwenye barua moja.

Aliyefikishwa kortini ana mlango wa pili ulio rahisi kuliko kituo. Akiwa na nambari ya kesi, sajili ya korti itampa nakala ya hati ya mashtaka na ya mwenendo wa kesi kwa ada, na Kifungu cha 50 kinampa haki ya nakala ya mwenendo ndani ya muda wa kuridhisha baada ya kesi kuisha. Taarifa za mashahidi, zile ambazo kituo kilikunyima, mshtakiwa huzipata hapa kutoka kwa upande wa mashtaka, kwa sababu Kifungu hicho hicho kinataka aonyeshwe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.

Ukichukua uamuzi kortini, soma umeachiliwa kwa kifungu gani cha Sheria ya Taratibu za Jinai. Watu hutoka wakishangilia bila kuuliza. Mashtaka yakiondolewa chini ya kifungu cha 87(a), umeachiliwa lakini huna kinga. Unaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Ukiachiliwa kwa kifungu cha 202 kwa sababu mlalamishi hakutokea, au 210 kwa sababu huna kesi ya kujibu, au 215 baada ya kusikilizwa hadi mwisho, umeondolewa hatia. Kwa mwajiri asiyejua sheria maneno hayo yote ni "aliachiliwa". Kwa afisa wa kumbukumbu wa DCI ni vitu viwili tofauti.

Tunafika kwenye cheti cha maadili mema, ambako ndiko watu wengi wanakogongana na rekodi zao. Kwanza tofauti moja: cheti hicho hakisomi OB. Kinatokana na alama za vidole. Mtu aliyelala seli, hakuchukuliwa alama na hakushtakiwa, ameandikwa kituoni tu, na jina lake halina njia ya kufika kwenye cheti. Hofu kwamba kila usiku wa seli unaharibu cheti haina msingi, na kuna madalali wa saiba wanaoila hofu hiyo kwa kuuza huduma ya "kufuta OB". Hakuna huduma hiyo. OB haifutwi, ukurasa ukichanwa au nambari ikikwanguliwa ni kosa la jinai, na anayekuahidi hilo anakuuzia kosa.

Hatari iko kwa walioshtakiwa. Mshtakiwa huchukuliwa alama, fomu hutumwa makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu, na kituo hutakiwa kurudisha matokeo kesi ikiisha. Yasiporudi, rekodi hubaki wazi kama kesi isiyo na mwisho, hata kama hakimu alikuachilia miaka mingi iliyopita. Namna ya kujua ni kuomba cheti chenyewe kabla hujakihitaji. Unajaza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa Sh1,050, unachapisha fomu C24 ya alama za vidole pande mbili za karatasi moja, halafu unakwenda Huduma Centre au makao makuu ya DCI na kitambulisho halisi na nakala yake. Wanaochapisha kwenye karatasi mbili hurudishwa. Mafundi wa ujenzi na wachimba mawe vidole vyao huwa vimelika kwa saruji na alama hutoka na madoa. Paka mafuta siku chache kabla, uoshe vizuri siku yenyewe, na usione haya kumwomba afisa arudie kidole kilichovurugika, kwa sababu fomu mbovu hurudi baada ya wiki kadhaa na unaanza upya.

Rekodi ya kesi iliyokwisha ikijitokeza, andikia Mkurugenzi wa DCI, afisi ya kumbukumbu za uhalifu. Ambatisha uamuzi wa korti uliothibitishwa, nakala ya hati ya mashtaka ili nambari zilingane, na nakala ya kitambulisho. Taja Kifungu cha 35(2) cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Angalia neno hapo: kila mtu, si raia peke yake. Picha ya uamuzi iliyopigwa kwa simu haikubaliwi. Wanataka muhuri wa korti, na kama korti iko mbali ni afadhali kulipia nakala mbili zilizothibitishwa kwa safari moja.

Kwa anayekusudia kushtaki, kuna ukuta mwingine. Sheria inayoweka muda wa kuzishtaki mamlaka za umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 tu kwa madai ya madhara kama vile kuzuiliwa kimakosa. Petisheni ya kikatiba haifungwi na muda huo, lakini majaji huuliza kwa nini ulichelewa. Jumlisha siku 21, 14, 30 na muda wa Tume kuamua, uone miezi inavyoyeyuka. Barua iende wiki ile ile ya kuachiliwa.

Na sasa tumgeukie Inspekta Jenerali. Sheria imekuwepo tangu Septemba 2016 na kaunta bado zinajibu "leta amri ya korti". Si lazima bunge likae tena. Kwa waraka mmoja wa ndani, kila anayetolewa seli anaweza kupewa kipande cha karatasi chenye jina la kituo, nambari ya OB ya kuingia na ya kutoka, saa zote mbili, kosa lililoshukiwa, nambari ya kazi ya afisa aliyemtoa, na alama ya vema mahali pa "alama za vidole zimechukuliwa" au "hazikuchukuliwa". Nakala ya kaboni ibaki kituoni. Dereva anayekamatiwa gari huondoka na maandishi ya gari lake. Anayeripoti kitambulisho kilichopotea hupewa abstrakti, hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti yake, siku hiyo hiyo, yenye nambari ya OB na muhuri, na hakuna anayemwambia kwamba kitabu ni siri. Kitabu ni kile kile, kaunta ni ile ile. Tunaomba waraka huo utolewe, na ubandikwe ukutani karibu na ile notisi inayosema bondi ya polisi ni bure.

Wasaidizi wa kisheria,
Mombasa